Jina Lenye Bahati

Kuna vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka sandukuni ili wadudu wasile nguo. Nikivinusa, hata kanisani kwenye koti la mtu aliyeketi mbele yangu, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimevaa sare ya shule ya marehemu.

Sare hiyo ilikuwa ya Nafula, binti wa pekee wa shangazi yangu. Shangazi aliolewa na Msamia, kabila lililo pande zote mbili za mpaka, akakaa Busia upande wa Kenya, akiuza mahindi na njugu sokoni. Likizo moja Nafula alikwenda kwa babu yake Lumino, upande wetu wa Uganda, malaria ikamkuta huko, akazikwa hukohuko. Mwaka haukuisha, shangazi akaja kwetu Kiyeyi. Alizungumza na baba kutwa nzima, na jioni nikaambiwa nitasoma Kenya.

“Ukishavuka mpaka wewe si Athieno,” shangazi aliniambia huku akinipima sweta ya sare ile mabegani. “Wewe ni Nafula. Cheti cha kuzaliwa ni cha Nafula. Ukisahau, tumekwisha wote wawili.”

Aliniandikisha katika shule ambako hakuna aliyemjua binti yake, na ambayo sare yake ilikuwa ya rangi ileile. Wiki za kwanza niliitwa Nafula, nami nikabaki nimetulia, nikimsubiri huyo Nafula aitike. Walimu wakadhani sisikii. Shangazi akaitwa, akaahidi kunitibu, na jioni hiyo akanitia mafuta ya moto masikioni mbele ya majirani ili uongo wetu ukamilike. Nilicheka mwenyewe kitandani, sikio likiniwasha.

Kiswahili ndicho kilichonishinda. Kwetu tunakisema sana, lakini hatukisumbui. Kitabu yangu, mbuzi yangu, watoto yangu. Mambo yanakwenda na watu wanauziana. Darasani kila nilipofungua mdomo, wenzangu walilala juu ya madawati kwa kicheko. Hakucheka Nekesa, niliyeketi naye. Saa ya mapumziko tulikaa nyuma ya jiko la shule, tunatafuna muwa, naye ananifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mwalimu yeyote. “Mtu mwenye. Watu wenye. Kitu chenye. Sema.” Nasema. Nikikosea, ananinyima pingili moja.

Nilimpenda. Mtoto akimpenda mtu hutaka kumpa kitu, nami sikuwa na kitu. Nikampa siri.

“Mimi si Nafula,” nilimwambia. “Nafula alikufa Lumino. Mimi naitwa Athieno.”

Nekesa aliacha kutafuna. Aliniangalia kama mtu anayeona uso wangu kwa mara ya kwanza, kisha akanishika mkono. “Nikisema, ulimi wangu uoze.”

Muhula wa pili, Mwalimu Ojiambo aliandika ubaoni: -enye bahati. Akaeleza kwamba neno hilo hufuata jina lililotangulia, kama ndama afuatavyo mama yake, na kwamba atakayetunga sentensi bora atapewa kamusi ya mwalimu mwenyewe, ile yenye jalada jekundu. Darasa zima lilitaka kamusi ile. Mimi niliandika, “Mama yangu ni mtu mwenye bahati,” sentensi ambayo haiwezi kumtia mtu hatarini. Nekesa aliandika akiwa amefunika daftari kwa mkono. Hakuwahi kunifunikia.

Alipoitwa alisimama wima, akasoma kwa sauti safi: “Nafula ni jina lenye bahati, kwa sababu mwenyewe alikufa Lumino, lakini hapa shuleni bado linaitikiwa.”

“Lenye,” alisema Mwalimu Ojiambo, akitabasamu. “Safi kabisa. Mmesikia? Jina lenye.” Kisha tabasamu lake likafifia. “Nekesa, hii umeitoa wapi?”

“Ameniambia mwenyewe,” alisema, akaniangalia. Hakuwa na hasira nami, wala haya. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyemaliza hesabu na kupata jibu.

Shangazi aliitwa, akaja kutoka sokoni, vumbi la mahindi likiwa bado mikononi. Nilisimama karibu naye ofisini, nikiamini kwamba atanifunika kwa khanga yake na kusema jambo la kutuokoa. Mwalimu mkuu aliuliza mtoto huyu ni nani.

“Ni wa kaka yangu,” alisema shangazi. “Nilimleta anisaidie kazi. Hilo jina alijichukulia mwenyewe.” Alisema hivyo ilhali ni yeye aliyeleta cheti siku ya kuniandikisha.

Hakunitazama. Njia nzima ya kurudi Kiyeyi hakunitazama. Baba, ambaye hakuwa ameambiwa habari ya jina, alimwamini dada yake, na kwa miaka mingi nyumbani kwetu nilijulikana kama mtoto aliyeiba jina la maiti. Sikujitetea. Nilijifunza tu kwamba kinachotoka mdomoni hakina mwenyewe.

Nekesa nilikutana naye ukubwani, kwenye foleni ya mpakani Busia, ana mtoto mgongoni. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli. Aliikumbuka kamusi, alisema anayo hadi leo. Nilipomuuliza kuhusu ile sentensi, hakuikumbuka.

Shangazi alikufa baadaye, na mimi ndiye niliyepanga vitu vyake. Cheti cha Nafula kilikuwa chini ya godoro, kimekunjwa na kukunjuliwa hadi kimekatika vipande vinne. Hakuna mahali alipowahi kuandikisha kifo cha binti yake. Nilikaa juu ya godoro lile, na ndipo nikakumbuka kwamba kila jioni, kabla ya chakula, alikuwa akiniuliza swali moja: “Leo wamekuita?” Nilidhani anauliza kama nilihudhuria masomo. Nikisema wameniita, alishusha pumzi, akanipakulia.

Hakuwa amenileta nisome. Alitaka jina la mwanawe liitwe kila asubuhi na mtu aitike, na siku nilipomwambia Nekesa, niliua kitu ambacho sikujua kwamba nimekibeba. Haya nayajua sasa, nami nina binti yangu. Nayajua, na bado sijaweza kumsamehe yale maneno ya ofisini.