Toeni Pamba!

Rozela, yale maua mekundu ya juisi, ikianza kuchemka, kabla haijatiwa sukari, inatoa harufu ya uchachu inayokushika nyuma ya taya. Wengine wakiinusa wanawaza arusi na glasi za juisi. Mimi nawaza shingo ya mjomba wangu. Nashona sare za shule barazani kwangu hapa Nyasho, Musoma, na jirani yangu anauza juisi. Kila akiinjika sufuria yake, mimi nahamisha cherehani upande wa pili wa nyumba. Aliwahi kuniuliza juisi yake imenikosea nini. Nikamwambia moshi unaniumiza macho. Nyie nitawaambia ukweli, ila mkae nao.

Mwezi uliopita harufu ile ilikuja pamoja na gari la matangazo. Spika mbili juu ya paa, muziki unakata masikio, halafu sauti ya kijana: mieleka ya kulipwa inarudi Musoma, Bunda na Butiama! Hakuna maigizo! Damu ni ya kweli! Nikasimamisha mguu kwenye cherehani. Hakuna maigizo, nani kamuuliza? Mtu akijitetea kabla hajashtakiwa, mimi huwa namtazama mikono.

Tabia hii ya kushuku nilirithi kwa marehemu mama. Mama alikuwaga anachora alama kwa kidole juu ya unga kwenye debe, ili ajue kama kuna mtu kachota. Mgeni akilala kwetu, asubuhi shuka zinakung'utwa nje, na huku anakung'uta anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilikua nikiamini kwamba kila nguo ina mdudu wake, na kazi yangu duniani ni kumtafuta. Hata mwalimu wa hesabu akiandika jibu ubaoni, nilikuwa nalikokotoa upya nyuma ya daftari, nione kama anatudanganya.

Mjomba Bwire, mdogo wake mama, alikuja kwetu kutoka Majita nikiwa darasa la pili. Msimu wa pamba alikuwa kuli huko Bunda, anabeba magunia ambayo watu wawili wangeyakimbia, na mwisho wa juma anarudi Nyasho kulala kwetu. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Alikuwa anaogopa sindano. Kuku wa mama walimzoea kuliko walivyomzoea mama mwenyewe, na akikaa barazani wanapanda mpaka mapajani. Jumapili, baada ya ibada, mtu huyohuyo alikuwa anaitwa Fisi wa Bunda, na mkoa mzima ulikuwa unamchukia.

Mieleka yao ilikuwa na kundi lake, lori lake na mratibu wake, bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Jumapili moja Bunda, inayofuata Musoma, ya tatu Butiama. Waliitwa wanamieleka wa kulipwa, ingawa malipo niliyoyaona mimi yalikuwa soda na, siku ikiwa njema, sembe. Fisi alikuwa anaingia ulingoni anachechemea, anacheka kile kicheko kibaya, anawatukana watu ugali wao na ng'ombe wao, anauma watu masikio. Kisha anaingia Radi wa Mwigobero, kijana mzuri aliyepakwa mafuta mpaka anang'aa, na uwanja unalipuka. Radi anapigwa, anapigwa, karibu afe, halafu anafufuka na kumnyanyua Fisi juu kabisa na kumbwaga. Damu inamtoka Fisi mdomoni. Akina mama waliotoka kanisani dakika chache zilizopita wanapiga vigelegele. Kila Jumapili hivyohivyo, na kila Jumapili watu wanashangaa upya.

Mimi nilikuwa silali kwa hofu. Jumapili moja akarudi na fulana imelowa damu kifuani, nikapewa niifue. Niliiacha kwenye beseni nikaenda kuchota maji. Niliporudi, sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka kwenye lile doa, wamelizunguka kama wapo karamuni. Nikainusa ile fulana. Haikunuka damu, ilinuka tangawizi. Nikatazama huku na huku, nikailamba.

Ilikuwa rozela. Rozela yangu mwenyewe! Kila Jumamosi jioni mjomba alikuwa ananiomba nimchemshie rozela nzito, tangawizi na sukari nyingi, mpaka inanata kijikoni, na mimi najisifu kwamba mjomba anapenda mkono wangu.

Nilimwendea na ile fulana mkononi. Hakukana. Alicheka mpaka kuku wakaruka, kisha akanikalisha chini akanieleza yote, polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi. Rozela inafungwa kwenye kifuko kidogo cha nailoni, inakaa shavuni, inang'atwa kwa wakati wake. Kofi linalosikika mpaka barabarani ni kiganja kinachopiga paja. Radi jina lake ni Masatu, mbeba makreti ya samaki pale Mwigobero, tena ni Mjita mwenzake, wamekua pamoja, na baada ya kila pambano wanakula sahani moja. Na ule ulingo ambao watu wote walidhani ni udongo ulioinuliwa, ndani yake ni magunia ya pamba, yanapangwa alfajiri na watu wa kundi wenyewe, turubai linavutwa juu. Mtu akibwagwa pale, anabwagwa kitandani.

Nikamuuliza, sasa wewe kuumia huumiagi kabisa? Akaacha kucheka. Akasema kuna siku mambo yanaharibika, ndiyo maana yeye na Masatu wana makubaliano: matusi yote ya ulingoni ni ya Kiswahili.

"Ukinisikia naongea Kijita uwanjani, Nyangeta, ujue mchezo umekwisha."

Ningekaa na siri ile mpaka leo kama si shule. Shuleni nilikuwa mtoto wa Fisi. Wenzangu walikuwa wanachechemea nyuma yangu, hawanywi maji kwenye kikombe nilichoshika. Hayo niliyaweza. Lakini Neema, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuja siku moja akasema mama yake amemkataza kufika kwetu, kwa sababu mtu anayeuma watu masikio hashindwi kuuma mtoto. Alisema huku anasogeza daftari zake mbali na zangu. Niliumia jamani. Mjomba wangu aliyekuwa anawapepetea kuku mchele kwa mikono yake, leo ni mla watoto?

Basi nikamwambia. Kwanza nilimwapisha, maana mimi si mjinga. Nilimwekea mkono juu ya Biblia ya darasani, akaapa kwa Mungu na kwa bibi yake. Nikamwambia habari ya rozela. Nikamwambia Masatu na mjomba wanakula pamoja. Nikamwambia na habari ya pamba. Neema akalia kidogo kwa furaha, akasogeza daftari zake karibu. Mimi nisiyemwamini hata mwalimu wa hesabu nilimwamini Neema, na siku ile nilirudi nyumbani nimeshiba urafiki.

Ulimi hauna mfupa. Neema alimwambia kaka yake, na kaka yake alikuwa mkata tiketi kwenye banda la video. Mpaka Jumapili, Nyasho nzima inajua. Fisi alipoingia ulingoni akicheka, na watu nao wakacheka. Alipotokwa na damu, wahuni wakamwomba glasi. Masatu alipomnyanyua juu kulikuwa na mama mmoja mbele yetu, yule aliyekuwa anapiga vigelegele kuliko wote, amekunja mikono kifuani na kubetua midomo kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala. Sikuthubutu kumtazama mjomba. Usiku mratibu alikuja kwetu bila miwani, na nilimsikia akimwambia mama kwamba Butiama nako kukiwa hivi, basi, kundi limekufa.

Jumapili ya Butiama niliomba kwenda. Mama akaniruhusu. Tulipanda lori la pamba, mimi katikati ya mjomba na Masatu, na njia nzima walizungumza habari za nyavu za babu yao mmoja huko Majita. Nilijipa moyo. Butiama ni kwa Wazanaki, nikawaza, watakuwa hawajasikia. Walikuwa wamesikia. Mjomba hata hajachechemea hatua ya pili, sauti moja ikatoka nyuma ya umati, nyingine ikaidaka, na mara uwanja wote ukawa unaimba na kupiga makofi.

"Toeni pamba! Toeni pamba!"

Mjomba alisimama. Alitukanwa fisi kwa miaka, alirushiwa maganda ya miwa, na yote aliyapokea akitabasamu ndani. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona uso wake halisi juu ya ulingo. Aligeuka akatazama upande nilioketi, muda mfupi tu, halafu akainama, akashika pindo la turubai, akaanza kuyatoa magunia mwenyewe. Moja, jingine, jingine. Masatu alimfuata anamnong'oneza, anamshika mkono, na yeye anaukung'uta. Umati ulishangilia kila gunia. Alipomaliza, turubai likalala juu ya ardhi tupu, na ardhi ya pale ina mawe.

Walipigana vizuri, sitasahau. Watu walianza kunyamaza, wakaanza kusimama. Wakaanza kuamini tena, nawaambia, niliiona imani ikirudi kwenye nyuso zao. Kisha ukafika wakati wa Radi kumnyanyua Fisi. Masatu hakutaka. Alimshikilia juu pale, miguu inamtetemeka, na watu wanamwambia tupa, tupa. Mikono ikamteleza kwa yale mafuta. Mjomba alianguka kwa shingo.

Hakukuwa na damu hata tone. Alilala ubavu, mkono mmoja umekunjwa chini yake, na kwa ile sauti yake ndogo akamwita mama yake kwa Kijita. Akamwita tena.

Niliruka. Sijui nilimkanyaga nani. Nilimfikia Masatu amepiga magoti, analia, na mimi nikawageukia watu nikapiga kelele kwamba ni kweli, ameumia kweli, leteni gari. Jamaa mmoja mnene wa mstari wa mbele alijipiga paja kwa kicheko.

"Na katoto nako kamefundishwa!"

Wakanipigia makofi. Uwanja mzima ulinipigia makofi. Kadiri nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kushangilia, na waliendelea mpaka Masatu na mratibu walipomweka mjomba juu ya magunia yale ya pamba, ndani ya lori, na lori likaondoka.

Alikaa hospitali muda mrefu, akatoka na kola ngumu shingoni. Nyasho walisema kola ile ni tangazo la pambano lijalo. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanamvizia waone kama anaivua akiwa peke yake. Pamba hakubeba tena. Mpaka leo akitaka kutazama kushoto anageuka mwili mzima. Kundi lilikufa. Na mjomba hakuwahi kuuliza nani alisema. Mimi nilimchunguza miaka yote hiyo, kila akinyamaza najiuliza, anajua? Akinichekea, anajua? Nilimchunguza mpaka macho yake akiwa anakula. Ile kazi ya kukung'uta nguo za watu niliyofundishwa na mama niliifanya kwa bidii, na mdudu mwenyewe nilikuwa mimi.

Sasa hivi vijana wa hapa mtaani wanataka kuingia kwenye hiyo mieleka ya gari la matangazo. Wanajifunza uwanjani nyuma ya kwangu. Mmoja anabwagwa, wenzake wanarekodi kwa simu, kisha wanairudisha video polepole wakitafuta kama kiganja kimegusa shavu. Kisipogusa, wanamcheka, na yule aliyechekwa safari inayofuata anapiga kweli. Nilienda kuwaonya, wakaniamkia shikamoo na kuendelea. Nikampigia simu mjomba, ambaye siku hizi anakaa Bunda. Sikumwambia kitu kingine chochote, nilimwambia tu kwamba vijana wa hapa wanaangukia ardhi tupu.

Alikuja Jumamosi na bajaji kutoka stendi, na nyuma ya bajaji kuna magunia matatu ya pamba. Vijana walimshushia. Aliwakusanya, akageuza mwili mzima kumtazama kila mmoja, akawafundisha kuanguka mpaka jua linazama: kidevu kifuani, pumzi nje, mwamini aliyekushika. Alisema siku ya pambano atapanda yeye kwanza, afungue turubai, awaonyeshe watu pamba. Anayetaka kuona mtu anakufa aende zake.

Kisha akaja barazani, akaniwekea kifuko cha rozela kavu juu ya cherehani.

"Pamba nitawaambia mwenyewe," alisema. "Hii ichemshe nzito kama zamani. Na safari hii usimwambie Neema."

Nikapiga hesabu. Waliokuwa wanapanga magunia alfajiri wote walikuwa wa kundi. Nje ya kundi nilijua mimi peke yangu, na rafiki niliyekuwa naye alikuwa Neema tu. Kwa hiyo alijua tangu pale Butiama, tangu aliponitazama, kabla hajashika pindo la turubai. Miaka yote ile alikaa kimya ili mtoto asilazimike kukiri, na mimi kimya kile nilikiita mtego. Nilitaka kumwambia. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kuku wa jirani wamemzunguka miguuni, ananiuliza kama tangawizi ipo.

Nikamwambia ipo. Nikaenda kuinjika sufuria.