Funda la Dresa

Siku ile tulikuwa sita: daktari Mzungu wa kambi ya mradi wa karanga, Nachingwea; dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, Myao, aliyetutafsiria; vibarua watatu, yaani Mmakonde mmoja, Mmwera wa Mandawa na mimi; na mdogo wangu wa kike, aliyenifuata akakataa kurudi.

Ugonjwa wa kutapika na kuharisha ulikuwa umepita kambini, ukimlaza mtu siku mbili tatu kisha ukimwachia. Daktari alitaka kujua unavyoambukiza. Dresa hakutuficha: maji ya kwenye glasi zetu yalichujwa kutoka kinyesi cha mgonjwa. Atakayekubali kuyanywa angelala wodini wiki nzima bila kung'oa visiki, na posho ya unga ya watu wa nyumbani kwake isingekatwa.

Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami nilikuwa na wadogo watatu. Unga ule niliutaka. Lakini nikifa, nani angewalisha?

Tena maji yenyewe yalikuwa maangavu mno. Kinyesi gani hicho? Nilijua wametia kitu kingine.

"Anza wewe, Mmakonde," alisema Mmwera. "Tumbo lililozoea mizizi ya ming'oko ya porini litaogopa maji?"

"Nife mimi, umrithi mke wangu? Thubutu, mtani!"

Mdogo wangu hakucheka. "Kaka, kwetu anayekaribisha huonja kwanza."

Kweli. Hata togwa, mwenye nyumba hupiga funda mgeni akimtazama. Nikarudisha glasi mezani. "Aonje mwenyewe."

Daktari alijibu, dresa akatafsiri: "Anasema akiugua yeye, nani atawatibu?"

Shaka yangu ikazidi. Nikageuka kuondoka. Ndipo dresa, bila kuagizwa na mtu, alipochukua glasi yangu, akapiga funda, akanipa.

"Haya, mdogo wangu. Kunywa," akaniambia.

Nikanywa, na vibarua wenzangu wakanywa zao.

Kesho yake jioni Mmakonde alianza kutapika, na dresa pia. Mmwera alisokotwa tumbo kidogo tu. Mimi sikupata kitu.

"Umeyamwaga," Mmakonde aliniambia, kichwa kikiwa juu ya ndoo.

"Hakumwaga, nilimwona," alisema Mmwera. "Huyu ana dawa ya kwao." Usiku huo akasogeza kitanda chake mbali na changu.

Dresa aliharisha siku tatu, macho yakamwingia ndani. Yeye hakuahidiwa unga wala mapumziko. Alikunywa kwa sababu mimi sikumwamini.

Nilipotoka wodini nilikuta amehamishiwa Ruangwa. Baada ya mavuno nilimfuata na jogoo. Nikaambiwa amehamishwa tena, hawajui wapi. Nikarudi na jogoo wangu. Mpaka leo hata pole sijampa.