Kidude Kilichobaki Kwenye Kifusi

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu Kariakoo, juu ya maduka ya mabegi, na tulikuwa watu watatu tu. Mkuu wetu alikuwa dada wa Kihindi, mzaliwa wa Kisutu, aliyeacha duka la vitambaa la kwao ili aanzishe kazi hii. Fundi wetu alitengeneza vidude vya kupimia joto, vinavyokaa ndani ya friji za maduka ya dawa na za wauza samaki. Kila kidude kilikuwa na betri na laini yake ya simu. Friji ikianza kupata joto, mwenye duka anapata ujumbe kabla mali haijaharibika. Mimi nilishika upande usioonekana: kompyuta za kukodi zilizoko ng'ambo, ambazo sisi wa fani hii tunaziita wingu, zinazopokea taarifa za vidude vyote.

Wingu lilikuwa linatumaliza. Kila kidude kilituma joto lake kila dakika, hata kama hakuna kilichobadilika, nasi tulilipia kuupokea kila ujumbe, kisha tukalipia kuutunza. Siku moja mkuu aligeuza laptop yake ili nione bili.

"Tukienda hivi hatufiki Ramadhani," alisema. "Sijui utapunguza nini, ila punguza."

Nikapunguza. Kompyuta zilizokuwa zinakaa bure nikazifunga, nikabakiza moja ndogo. Taarifa za zamani nikazihamishia kwenye hifadhi ya bei ya chini, ile ambayo ukihitaji kitu lazima usubiri. Na vidude vyenyewe nikavitumia agizo jipya: kaeni kimya, semeni joto linapobadilika tu.

Bili ikashuka. Lakini skrini ya ukutani, iliyokuwa ikitiririsha namba za joto la vidude kutwa nzima, ikatulia. Nilikuwa naiangalia huku kelele za wauza mabegi zikipanda kutoka chini, naona kama natazama nyumba yenye watu ambao hakuna anayepumua. Kidude kwenye friji isiyo na tatizo kilikuwa kimya. Kidude kilichokufa nacho kilikuwa kimya. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Kimoja tu hakikunyamaza. Kila mchana, watu wakienda kula, joto lake lilipanda polepole, likafika mahali likasimama, kisha likashuka. Kesho yake vilevile. Nikamwita fundi aje aone. Aliangalia, akajishika shingo kwa kiganja.

"Hiyo siyo friji," alisema. "Hilo ni joto la mtu."

Nikatafuta kidude ni cha nani. Kilikuwa cha duka la dawa mitaa michache kutoka kwetu, kwenye jengo la zamani la ghorofa moja. Nikampigia mwenye duka, mzee aliyekuwa amehamia upande wa Mnazi Mmoja.

"Kile kilibaki kwenye friji mbovu," alinijibu. "Na jengo lenyewe walishalibomoa, mama. Hakuna kitu pale."

Alisema kweli. Nilipofika nilikuta uzio wa mabati, na ndani yake shimo kubwa lenye maji ya kijani chini. Pande zote watu walikuwa wanauza na kununua, lakini karibu na mabati sauti zao zilisikika kama zinatoka mbali. Mlinzi, mzee mwembamba mwenye kofia, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kinachoangalia shimo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unatafuta kazi, hapa hawachukui watu."

"Natafuta kidude cheupe chenye taa ya kijani."

Hakushtuka. Aliingiza mkono ndani ya shati akakitoa. Alikuwa amekifunga kwa uzi, kinaning'inia kifuani.

"Nilikiokota kwenye kifusi," alisema. "Kilikuwa kinapepesa muda wote. Nikawa nakichaji na chaja ya simu. Halafu siku moja kikanyamaza, nikajua kimekufa. Nikakishika hivi." Akafumba kiganja. "Kikapepesa. Tangu hapo nikikishika, kinaitika."

Taa ile huwaka kidude kinapotuma ujumbe, na mimi ndiye niliyekiagiza kiseme joto likibadilika tu.

"Mchana huwa nakivaa, naongea nacho," aliendelea. "Kuna mtu upande wa pili."

"Ni mimi, mzee. Ni kompyuta tu, na mimi ndiye ninayeiangalia. Haisikii sauti."

"Siyo wewe," alisema kwa upole. "Wewe hujui nilichokuwa nasema."

Nikamwambia kidude ni mali ya ofisi. Akavua uzi shingoni mwenyewe, bila ubishi.

"Chukua basi. Ila usikiache kipoe."

Nilirudi nimekifumba mkononi, nikipenya katikati ya mikokoteni. Nilipoingia ofisini mkuu alikuwa amenipa mgongo, macho kwenye skrini.

"Huyo mtu wako amekishika tena," alisema bila kugeuka. "Joto limepanda sasa hivi. Hukumkuta?"

Nilifungua kiganja. Taa ikapepesa. Mkuu akageuka, akakiona mkononi mwangu.

Wiki hiyo nilirekebisha kazi yangu. Kila kidude kikaanza kutuma ujumbe mmoja mfupi kila asubuhi: nipo. Gharama yake ilikuwa ndogo, mkuu akakubali bila maswali. Asubuhi ya kwanza vidude kadhaa havikuitika. Vilikuwa vimekufa siku nyingi, na mimi nilikuwa nimeuhesabu ukimya wao kuwa uzima. Fundi alizunguka kutwa kuvibadilisha, na kwenye duka moja alikuta friji imeshapata joto na dawa zimeanza kuharibika.

"Na kile cha mlinzi?" nilimuuliza mkuu.

"Mrudishie. Laini yake tutailipia."

Nilimkuta palepale, kwenye kiti kilekile. Alikipokea kwa mikono miwili, akakivaa, akakishika mpaka taa ikapepesa. Kisha akageuza kiti kidogo, akanipa mgongo, akaanza kuongea kwa sauti ya chini sana. Nilisimama nikitega sikio, lakini sikuambulia hata neno moja. Nikaaga, nikaondoka.