Joho Lililokataa Kulowa

Léocadie, fundi cherehani kutoka Uvira, hakuwa mtu wa kukaa akatulia. Hata akiwa kazini katika chumba walichopanga na mumewe Hénock mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, mguu ulikanyaga cherehani na macho yalikuwa dirishani yakipima mawingu. Aliichukia mvua tangu mwaka 2015, ilipomnyeshea Hénock usiku kucha kwenye lango alilolinda mtaa wa Braamfontein, ikamlaza hospitalini wiki tatu kwa homa ya mapafu.

Toka hapo akaitangazia vita. Alichovya koti la Hénock katika maji moto ya sabuni, akalikausha, kisha akalichovya katika maji ya shabu, ile ile ya vinyozi. Basi mvua ikawa inateleza tu juu yake. Walinzi wenzake wakaleta makoti yao, na sifa za Mama Héritière, kama walivyomwita Léocadie kwa jina la mwanawe, zikafika mpaka mtaa wa Turffontein.

Julai 2017 Hénock, aliyelipiga chenga kanisa miaka kumi, akasema sasa yuko tayari kubatizwa. Léocadie alifurahi, na papo hapo akakumbuka ile homa ya mapafu. Julai ya Johannesburg ni baridi ya kung'ata, na kanisa lao halinyunyizi mtu matone. Huzamishwa mzima mzima, kwenye bwawa la uani. Akiomba waahirishe, Hénock atabadili nia. Akinyamaza, kifua kitamuua. Siku tatu alizunguka chumba akifungua droo na kuzifunga. Mwisho akalichukua joho jeupe la ubatizo, alilolishona mwenyewe, akalichovya kwa siri. Akili ni mali, lakini ya siku ile ilikuwa na tundu.

Jumapili Hénock aliposhuka bwawani, joho halikulowa. Lilijaa hewa likafura kama andazi kwenye mafuta. Mchungaji Ezéchiel akamsukuma chini, akaibuka. Akamsukuma tena, akaibuka tena.

"Eish! Ndugu Hénock, shuka!" mchungaji akahema.

Watu wakaanza kucheka. Mama mmoja akanong'ona kwamba maji yanamkataa mwenye dhambi. Léocadie, pale ukingoni na blanketi lake, alitamani ardhi immeze.

Hénock akatazama matone yakiviringika kwenye mkono wa joho. Aliyajua matone hayo, maana ndiyo aliyoyaona kwenye koti lake kila mvua iliponyesha. Akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama Héritière, ulitia hii nguo dawa?"

"Nilitia. Juu ya kifua yako, isipate baridi tena." Sauti ilimtoka na machozi.

Hakumkasirikia. Alilivua joho, akabaki na fulana na suruali, anatetemeka, akalitupa ukingoni.

"Siku zote unanikinga, mama. Leo acha nilowane."

Akajilaza mwenyewe mikononi mwa mchungaji, maji yakamfunika hadi utosini. Aliibuka akikohoa. Léocadie hakungoja apande. Aliingia bwawani na viatu vyake, blanketi limeinuliwa juu ya kichwa, na maji yakampanda mpaka kiunoni.