Sindano ya Tarumbeta

Mwanamke ninayetaka kuwaeleza habari zake huitwa Tarumbeta na wafungwa wenzake, na hata maafande humwita hivyo wakijisahau. Alizaliwa na sauti ya kuwatosha watu watatu. Zamani aliitumia sokoni, akinadi mitumba, mpaka siku aliponadi robota zima ambalo halikuwa lake. Akafungwa miaka miwili.

"Mwalimu, mimi si mwizi wa kawaida," alinisimulia mwenyewe, bila hata kuinamisha uso. "Mwizi gani anapiga kelele mpaka mwenye mali anakuja kuuliza bei?"

Mwalimu ndiye mimi. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini nimeshona tangu nikiwa msichana, na cherehani ndiyo iliyonilelea watoto wanne. Binti yangu wa tatu ni askari katika gereza la wanawake. Fundi aliyekuwa akifundisha karakana ya ushonaji alipostaafu, binti yangu akanipendekeza.

"Siku tatu tu kwa wiki, mama," aliniambia. "Mle ndani kuna wanawake kama wewe."

"Kama mimi? Mimi sijawahi kuchukua hata kiberiti cha jirani bila kuomba."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana ni mtu wa hofu. Mtoto akichelewa nusu saa tu, nimeshamzika na kumlilia. Siku ya kwanza niliacha pete nyumbani, nikaficha pochi kifuani, na nikafundisha nimeegemea ukuta ili mtu yeyote asipite nyuma yangu.

Karakana ni chumba kirefu chenye cherehani nane za miguu, madirisha ya juu yenye nondo, saa ya ukutani na meza moja kubwa ya kukatia. Mkasi umefungwa mnyororo kwenye mguu wa meza, kwa hiyo kitambaa ndicho kinachoufuata mkasi. Lakini kinacholindwa kuliko vyote ni sindano za mkono. Ziko kumi na mbili, zimechomekwa kwenye kipande cha blanketi jekundu ndani ya bati la biskuti, kila moja chini ya namba ya mwenye kuitumia. Asubuhi zinatoka, saa nane mchana zinarudi. Ikikosekana moja, mlango haufunguliwi kwa mtu yeyote, na mwenye namba hiyo haoni mgeni mwezi mzima.

Tarumbeta alikuwa namba tisa.

Mwanzoni hatukupatana hata kidogo. Mimi napenda kazi ya kimya, niisikie cherehani yenyewe, maana cherehani ikiwa na shida husema. Yeye alikuwa haweki nukta. Mara aimbe, mara amuulize jirani yake kama mume wake bado ana kitambi, mara anipangie mimi mchumba. Na kwa kuwa nilijua kilichomfunga, macho yangu hayakutoka mikononi mwake. Aliliona hilo upesi.

"Mwalimu, unaniangalia kama maziwa jikoni," alisema siku moja mbele ya wote. "Nitaiba nini humu? Cherehani? Niifiche wapi, chini ya ulimi?"

"Huo ulimi wako una nafasi ya cherehani mbili," nilimjibu, na darasa zima likaangua kicheko. Yeye alicheka kuliko wote, akapiga meza. Kuanzia hapo tukaanza kuzungumza, lakini kumwangalia mikono sikuacha. Nami nakiri ilikuwa mikono ya fundi. Tundu la kifungo, ambalo wengine walilifanya kama mdomo wa samaki, yeye alilishona likatulia.

Sasa nifike kwenye ile Ijumaa. Tarumbeta ana binti wa miaka saba, analelewa na mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na hasira naye, na kwa miezi tisa hakumleta mtoto hata mara moja. Wiki hiyo akatuma salamu: atamleta Ijumaa, na akiona upuuzi wowote, basi, asitafutwe tena. Muda wa wageni unaisha saa tisa. Sisi tunamaliza kazi saa nane. Tarumbeta alikuwa na saa moja tu.

Asubuhi ile alikuja amechana nywele vizuri, na akasema nami kwa kunong'ona.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nafanya mazoezi, mwalimu. Mkwe wangu anasema sauti yangu inamtia mtoto aibu mpaka kwa majirani. Leo nataka nisikike kama watu wa ofisini."

Alinong'ona asubuhi nzima, masikini, jasho likimtoka. Karibu na saa nane mkuu wa zamu, mama mrefu wa miwani asiye na mchezo, aliingia kukagua. Binti yangu alikuwa naye, amesimama wima mlangoni, ananiita "mwalimu" kama hanijui. Nikaanza kupokea sindano. Moja, mbili, tatu. Nilipofika namba tisa, mahali pake kwenye blanketi palikuwa patupu.

"Namba tisa," akasema mkuu.

Tarumbeta alisimama. Akanitazama mimi, akamtazama binti yangu, akafunga mdomo.

"Sindano iko wapi?"

Tangu nimjue sikuwahi kumwona amenyamaza kiasi kile. Nikajisemea, haya sasa, leo ndiyo leo.

"Mwalimu," mkuu akanigeukia, "uliona akiirudisha?"

"Sikuona, afande." Na kweli sikuona.

Wafungwa wakaambiwa waitafute. Wakapiga magoti kutafuta sakafuni, wakakung'uta vitambaa, wakavuta droo za cherehani. Saa ya ukutani ikaonyesha nane na robo, ikafika nane na nusu. Mwanamke mmoja mzee, ambaye siku zote hugombana na Tarumbeta kwa sababu ya kelele zake, akasema, "Mwenzetu, sema basi, mtoto yuko nje huko!" Tarumbeta akatikisa kichwa tu.

Lakini mkono wake haukutulia. Nilikuwa nauangalia, ndiyo kazi yangu. Kila nikimtazama, anashika kola ya sare yake upande wa kushoto, anaipapasa, anaiachia. Anaipapasa tena, macho kanitolea kama anataka kunimeza. Nikaona nimemnasa.

"Afande," nikasema, "mtazame kwenye kola."

Binti yangu akaenda. Akaigeuza kola ile, akaipapasa yote, akaikunjua. Hakuna kitu, akarudi mlangoni. Tarumbeta akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyemwonyesha mwenzake njia kwa kidole naye akaangalia kidole.

Nikaona aibu. Na mimi nikiona aibu huwa najishika shingoni. Nikapeleka mkono, na kitu kikanichoma kidoleni.

Ndugu zangu, nilitamani sakafu ipasuke. Kwa miaka thelathini, nikiwa na sindano na mtu akiniita, huichomeka kwenye kola ya gauni langu, upande wa kushoto. Sijui hata kama nafanya. Mume wangu alichomwa mara ngapi na magauni yangu, Mungu ndiye anayejua. Mchana ule nilichukua sindano ya Tarumbeta nimwonyeshe kufunga uzi mwishoni mwa tundu, cherehani ya namba nne ikakata uzi, nikaitwa, nikaondoka nayo. Kola yangu ina maua madogo. Mtu asiyejua hawezi kuiona sindano pale. Yeye alijua.

Nikamtazama. Akateremsha macho sakafuni, akayapandisha, akayateremsha tena. Nilimwelewa vizuri: iangushe, mwalimu, kisha ujifanye umeiokota.

Ningeweza. Hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi. Na nilimwaza binti yangu pale mlangoni, ambaye ndiye aliyenileta, na ambaye kazi ile aliitafuta miaka mitatu. Lakini niliwaza pia kwamba sindano ikiokotwa sakafuni bado ni ya namba tisa, na namba tisa ndiye atakayeitwa mzembe, na mgeni asimwone.

"Afande," nikasema, na sauti ilitoka kama ya kifaranga, "sindano ninayo mimi. Nilimchukulia mwenyewe, nikaichomeka hapa, nikasahau. Yeye hana kosa. Wala huyo askari hana kosa, hakujua kitu."

Niliichomoa, nikaiweka kwenye blanketi. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniangalia, akamwangalia Tarumbeta.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angeniamini, afande? Mwizi wa mitumba nimwambie mkuu wa zamu kwamba sindano iko kwa mwalimu?" Akasita kidogo. "Halafu, yule pale mlangoni ni mtoto wake. Na mimi nina mtoto."

Mkuu akatazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano.

"Askari, mpeleke namba tisa kwa mgeni wake. Ongeza nusu saa, mwambie wa getini nimesema mimi. Na wewe, mwalimu, kuanzia leo utapekuliwa mlangoni kama wanafunzi wako. Kuingia na kutoka."

Tarumbeta alitoka mbio, sapatu moja ikabaki. Wengine wakaniangalia, nami nikawaomba radhi wote, na yule mzee akanivutia kiti nikae.

Chumba cha wageni kiko upande wa pili wa ua. Tukasikiliza. Dakika ya kwanza, kitu hakuna. Nikajua anajitahidi kunong'ona. Mara tukasikia sauti imepasuka kule, "MAMAAA!" kali, nyembamba, ya kutikisa vioo. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto, na ilikuwa tarumbeta ileile. Kisha ikajibiwa na ile kubwa tunayoijua, na baada yake kicheko cha mama mkwe, ambaye nadhani hakupanga kucheka. Karakana nzima ikapiga makofi.

Siku hizi naingia asubuhi, pochi iko mkononi, na binti yangu mwenyewe ananipekua. "Nyoosha mikono, mama. Geuka." Ananipapasa huku akijikaza asicheke. Na kabla hajamaliza, sauti inatoka ndani ya karakana, inapita kwenye nondo na kufika mpaka getini:

"Afande! Usisahau kola!"