Gauni la Jeni Lisilopigwa Pasi

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya pasi ya mkaa inapopita juu ya kitambaa chenye unyevu wa uji wa muhogo wa kukazia nguo. Ni harufu ya moto na ya usafi kwa pamoja. Mama yangu alikuwa dobi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa serikali, Biharamulo, juu kilimani, zama za Mwingereza. Tulikuwa Wahangaza wa Kanazi, upande wa Ngara. Baba alikwenda Uganda kutafuta kibarua cha mashamba, hatukumsikia tena, ndipo mama akaniweka mgongoni na kutafuta kazi kwa miguu yake. Wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka minane, labda tisa, hakuna aliyeandika. Tulilala katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ile, ukutani mwa banda la kuni, na mama alikuwa akisema chumba kile kilikuwa bora kuliko mshahara wenyewe, maana mshahara ulikwisha na chumba kilibaki.

Watu walipangwa kama vyombo kabatini. Juu walikaa Wazungu, katikati Wahindi wa maduka, na chini bondeni sisi wengine. Kanisani benchi za mbele zilikaa tupu Jumapili nzima zikiwasubiri Wazungu watatu, na sisi tulisongamana nyuma mpaka mlangoni. Sisi tulioruhusiwa kulala juu tulilala kwa sababu ya kazi, na kila jambo lilikuwa na mpaka wake. Mpishi wa nyumba ile, Mzee Saidi, mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani na biashara, ndiye aliyenifundisha mipaka hiyo. "Usiguse, usikae, usicheke kwa sauti," aliniambia siku ya kwanza, nami nikaitikia, "Ndiyo, babu." Kisha akanionyesha bomba la bustani. Mtunza bustani aliyetangulia alikutwa akioga pale mchana wa jua kali, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kufukuzwa. Tangu siku hiyo nililizunguka bomba lile kwa mbali. Niliogopa hata maji yanayodondoka.

Kazi ya mama ilikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. Kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa iliyoanikwa kwenye nyasi. Ukiivaa bila kuipiga pasi, yai linaanguliwa, funza anaingia kwenye ngozi na kukulia humo mpaka jipu lenye tundu litokeze. Kwa hiyo kila uzi wa nyumba ile ulipitishwa motoni: shuka, soksi, leso, hata taulo la kufutia sahani. Mama alipiga pasi mishono ya kwapa mara mbili na kugeuza kila kola. Nguo zetu wenyewe hazikuwahi kuonja pasi, kwa sababu mkaa ulikuwa wao. Mimi nilikuwa na kipande kimoja cha kaniki, nikikifua nakaa ndani mpaka kikauke. Mama akisikia nawashwa, alinikagua mgongo kama mtu anayechambua mchele.

Mzungu yule alikuwa na binti wa rika langu, Jeni. Hatukuwahi kucheza pamoja. Nilimjua kwa nguo zake kuliko kwa uso wake. Nilijua anapozimwagia maziwa na anapozichana. Siku moja mama alikwenda mtoni na mablanketi, akaniachia nguo nyepesi nianike. Kamba ilijaa, na bado mkononi nilikuwa na gauni la njano lenye kola nyeupe. Nikalitandaza kwenye nyasi. Nilijua kabisa kwamba ni makosa. Lilipokauka nikalishika, nikatazama huku na huku, nikalivaa. Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Lilinitosha. Lilinikaa vizuri mabegani kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa, nikazunguka mara moja, mara mbili, pindo likainuka. Halafu Mzee Saidi akakohoa jikoni. Nililivua kwa pupa hata kifungo kikanikwaruza shavu, nikalikunja, nikaliingiza katikati ya nguo ambazo mama alikwisha kuzipiga pasi. Mama aliporudi akabeba mrundo wote na kuupeleka ndani.

Siku ya tatu nikaanza kuwashwa begani, nyuma, pale mkono usipofika vizuri. Nikajiambia ni mbu. Siku ya tano palikuwa na uvimbe, na ndani ya uvimbe kitu kilikuwa kikicheza. Watoto wa leo wakiona sinema za kutisha hupiga kelele. Mimi kitisho changu kilikuwa chini ya ngozi, na sikuweza kupiga kelele. Nilijua ni nini na kilitoka wapi, na kwamba mtu yeyote wa nyumba ile akikiona atauliza swali moja tu. Nililala kifudifudi. Nilijifunga kaniki juu, mpaka shingoni. Kila memsabu, mama yake Jeni, alipotoka barazani niliona wazi kabisa mama yangu akilazwa chini pale penye bomba.

Ndipo asubuhi moja memsabu akamwita mama. Nilikuwa nyuma ya banda la kuni na nilisikia kila neno. Jeni alikuwa analia ndani. Alikuwa na jipu begani, nyuma.

"Wewe napiga pasi nguo yote?" memsabu aliuliza.

"Yote, memsabu. Naapa kwa Mungu."

"Basi hii natoka wapi? Wewe nasema uwongo. Kesho bwana narudi safari, yeye tasema na wewe."

Mama akarudi kwenye pasi yake. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake haikumsaidia kitu. Mchana akaniita chumbani niogeshwe. Nikasema nimeshaoga. Akanitazama, akafunga mlango, akaifungua kaniki mwenyewe. Nilihisi kidole chake kikizunguka ule uvimbe, kikasimama. Nilingojea kofi. Ningelipenda kofi, kwa kweli. Badala yake alitoa samli kidogo kwenye kikopo, akaziba tundu, akangoja funza akose pumzi na kujitokeza, kisha akanipa ncha ya khanga niiume. "Hora, mwana wanje," akaninong'oneza kwa lugha yetu, nyamaza mwanangu, na akaminya kwa vidole gumba viwili. Niliiuma ile khanga na sikutoa sauti. Yule mdudu akamtupa motoni. Hakuniuliza lolote.

Nadhani usiku ule alizikumbuka nguo moja moja mpaka akaijua ile ambayo haikupita chini ya pasi yake. Kesho yake alikwenda barazani kabla hajaitwa. Alimwambia bwana kwamba gauni la njano alilisahau yeye, mkaa ulimwishia, akaona uvivu kwenda kuomba mwingine. Mama yangu, mtu aliyeamka kabla ya jogoo, alisimama akajiita mvivu. Hawakumchapa. Tuliambiwa tu tuondoke kabla ya saa sita, na Mzee Saidi, ambaye sasa naamini aliniona siku ile na hakusema, akatufungia viazi kwenye jani la mgomba bila kututazama. Tulitembea siku mbili hadi Nyakahura kwa dada yake mama, tukipita msitu ambao watu walisema una simba. Simba sikuwaogopa hata kidogo. Niliogopa mama asije akageuka na kuniuliza.

Hakugeuka. Alilima mashamba ya watu kwa jembe la kuazima mpaka mgongo ukapinda, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kulitaja gauni lile. Nami, mwoga wa kutupwa, sikuwahi kumwambia, "Mama, nisamehe."

Bendera zimebadilika, wale watu wameondoka, na wajukuu wangu wanasoma darasa moja na mtoto wa yeyote. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka minane gulioni Nyakahura, kwenye marundo ya mitumba kando ya barabara. Nguo zote zile zimetoka kwa watoto wa Kizungu, na hakuna anayelijali hilo. Akachagua gauni, akalivaa palepale juu ya nguo zake mbele ya watu, akazunguka. Muuzaji akacheka, "Limempendeza, bibi, mchukulie."

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua ni yangu. "Vua! Vua upesi!"

Watu waligeuka. Mtoto alilivua haraka, mikono ikimkwama, macho yakitazama huku na huku kutafuta nani kamwona. Miaka yote hii nimekuwa nikijisifu kwamba tofauti yangu naye ni kuwa yeye hana wa kumwogopa. Nikapiga magoti pale vumbini, nikamwambia bibi amekosea, gauni ni zuri, alivae tena.

Alikataa. Alilikunja vizuri, akaliingiza chini kabisa ya rundo.