Mstari Ambao Haukuandikwa

Biblia ya Nyanya ilinuka moshi na ugoro. Aliifunga kwa kitambaa cha maua kilichokatwa kutoka gauni lake la zamani, akaiweka juu ya kabati la vyombo, pale ambapo moshi wa jikoni ulipita kutafuta njia ya kutokea. Kila nilipoifungua nilipiga chafya, naye alicheka kila mara kana kwamba ni jambo jipya. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka kumi, tumefunga shule likizo ya Agosti, na mbali na kuchota maji na kuokota kuni, mama alinipa kazi ya kumsomea mkwewe kila alasiri baada ya chai. Kwetu ni juu ya Maua, kwenye vilima vya Nyambene, na mwezi huo ukungu ulikaa mpaka adhuhuri, nguo zisikauke kambani. Nyanya aliketi kwenye kigoda karibu na moto, mimi kwenye gunia. Sikuipenda kazi ile hata kidogo, na ninalisema hilo mapema ili nisije nikadhaniwa nilikuwa mtoto wa kusifiwa.

Nyanya alikuwa akijiandaa kubatizwa. Babu, alipokuwa hai, hakutaka kusikia habari za kanisa, na Nyanya akamtii miaka yote. Babu alipofariki, Nyanya alijiandikisha darasa la ubatizo, akakaa benchi moja na watoto wa rika langu, akikariri majibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Shangazi alimshonea gauni jeupe, likatundikwa kwenye msumari chumbani, limefunikwa gazeti lisiingie masizi. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, na kwa jambo hilo nilijiona mkubwa wake. Isitoshe, wiki hizo alikuja mhubiri sokoni Maua na kipaza sauti chake, akahubiri jehanamu tu. Aliueleza moto ule kama mtu aliyetoka huko jana, akasema bila maji ya ubatizo hapiti mtu. Niliogopa nikakosa hata hamu ya chakula. Kisha nikagundua kwamba nikiyarudia maneno yake, wenzangu nao wananiogopa, nami nikaonja utamu wa kuogopwa.

Siku ninayoisimulia tulikuwa tumefika kwenye orodha ndefu ya majina, fulani akamzaa fulani, nami nilikuwa nikiruka mistari ili tumalize upesi. Wenzangu walikuwa barabarani na mpira wa mifuko ya plastiki, wakinisubiri tucheze kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliyesimama katikati.

"Karimi, ngoja kidogo," Nyanya alisema. "Hapo kwa kitabu, imeandikwa watoto wenye walikufa kabla ya maji wanaenda wapi?"

Nilijua anamuulizia nani. Kabla ya kumzaa baba yangu, alizaa msichana akamwita Kendi. Kendi aliishi siku nane, akazikwa nyuma ya migomba, wakati ambapo hakuna mtu wa kanisa aliyekuwa amepanda kilima chetu. Nyumbani hakuna aliyemtaja isipokuwa Nyanya. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tumuulize mchungaji. Lakini asubuhi ile Nyanya alikuwa amenishtaki kwa mama kwamba nimekunywa maziwa ya chai, nikachapwa, na hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nikaweka kidole juu ya jina la mfalme mmoja ambalo hata sikuweza kulitamka, nikasoma kwa ile sauti yangu ya kusomea, "Na watoto wasiobatizwa watatupwa motoni pamoja na wengine."

"Imeandikwa hivyo?"

"Ndiyo. Hapa."

Aliinama, akagusa pale kwa kidole chake, polepole, kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Kisha akaniambia nikacheze. Nikaenda, na nikacheza vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine.

Jumapili ya ubatizo Nyanya hakwenda. Alibaki akipalilia viazi. Kesho yake mchungaji alikuja, mtu mpole mwenye viatu vilivyojaa tope la kwetu, akaketi jikoni, nami nikaambiwa nimmiminie chai.

"Mama, nini ilikushinda?" aliuliza. "Na ulikuwa unajua majibu yote."

"Hakuna kitu ilinishinda, mchungaji. Si mlisema nikibatizwa nitaenda mbinguni?"

"Kwa neema ya Mungu, ndiyo."

"Basi mtoto wangu ako kule kwingine, na huko hakuna mtu anamjua. Wacha niende nikae na yeye."

Mchungaji aliweka kikombe chini. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya upendo wa Mungu, akamwambia kwamba jambo hilo halijaandikwa popote. Nyanya alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa. "Imeandikwa. Nimegusa hapo." Hakusema ni nani aliyemsomea, wala hakunitazama. Nilisimama na birika mkononi, nikiogopa fimbo ya mama, nikiogopa zaidi lile ziwa la moto ambalo mhubiri alisema limetengewa waongo. Nikammiminia mchungaji kikombe cha pili.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa nilijikaza. Nilimfuata shambani, nikamwambia, "Nyanya, sikusoma. Nilisema tu. Haiko kwa kitabu." Alinitazama, macho yakajaa machozi, akanivuta kifuani penye harufu ya ugoro. "Unanihurumia," alisema. "Wewe ni mtoto mzuri." Nililia, naye akadhani nalia kwa huruma. Alifariki mvua za masika zilizofuata. Mchungaji alikuja akaomba kwa ufupi, kwa kuwa hakuwa mshiriki wa kanisa. Tulimzika nyuma ya migomba, alipoagiza, na lile gauni jeupe akapewa mama mwingine wa darasa lake.

Sasa ninaishi Manyatta, karibu na Embu mjini, na ninafundisha watoto wa kanisa kila Jumapili. Nimeisoma Biblia yote mara kadhaa, na mstari wangu sijauona. Siku hizi watoto hawaogopi jehanamu tulivyoiogopa sisi. Nami huwafundisha upendo wa Mungu, na kila ninapotafuta mfano wake namwona mwanamke mmoja akiiacha mbingu kwa ajili ya mtoto wa siku nane. Mfano huo siwapi. Nikiutoa itanibidi nitaje aliyemfanya achague.

Mwezi uliopita msichana mmoja wa miaka kumi aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeokoka?" Nikamjibu ndiyo, kama ninavyojibu siku zote. Sikumwambia kwamba nikifika mbinguni, nitamtafuta Nyanya kwanza, na nikimkosa, nitaomba nionyeshwe njia ya kwenda aliko.